Gari likishapata moto halishiki: nadhani una magonjwa mawili, si moja

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Toyota IST ya mwaka 2004, cc 1490. Naishi Nkuhungu, Dodoma, na kazini ni Mtumba. Asubuhi gari linawaka mara moja, halina shida yoyote. Shida ni likishapata moto. Nikiingia sheli kujaza mafuta, au nikisimama sokoni Majengo dakika kumi au kumi na tano, nikirudi stata inazunguka vizuri lakini gari haliwaki. Napiga mara tatu, mara nne, likishika linatetemeka, petroli inanukia, halafu linatulia. Hilo nimeshalizoea. Ila mwezi uliopita tukielekea Morogoro lilizima lenyewe likiwa kwenye mwendo, tukiwa tumeshapita Kibaigwa. Stata inazunguka, halishiki kabisa. Tulikaa juani kama dakika arobaini, likawaka kana kwamba halikuwa na kitu. Juzi limerudia hapa mjini. Fundi wa kwanza alibadilisha plagi, wa pili akabadilisha pampu ya mafuta, wa tatu anasema ni kontroboksi. Ninunue? Na Ijumaa ya wiki ijayo tuna harusi Morogoro, naweza kwenda nalo?

JIBU: Marahaba dada. Kontroboksi, yaani kompyuta ya injini, usinunue. Si kwamba haifi, inakufa, lakini huwa ya mwisho kabisa kushukiwa, na fundi anayeitaja kabla hajashika mita mkononi anaitaja kwa sababu ameishiwa cha kusema.

Ukisoma tena ulichoandika utaona umesimulia mambo mawili kwa pumzi moja, na mafundi wote watatu wameyashughulikia kama jambo moja. Pale sheli na Majengo gari linasumbua, lakini mwishowe linashika, linatetemeka, petroli inanukia. Hilo ni gari lililozidiwa petroli. Kule Kibaigwa gari lilizima likiwa linakwenda, likagoma katakata, likasubiri lipoe, kisha likawaka safi bila kutetemeka. Hilo limekatiwa moto wa plagi, au limekatiwa kila kitu kwa pamoja. Tatizo la kwanza halizimi gari barabarani, na la pili haliachi harufu ya petroli na mtetemeko baada ya kuwaka. Kwa hiyo mimi ningeyatafuta kila moja kwa njia yake, na ningeanza na la Kibaigwa kwa sababu ndilo la hatari.

Kwanza tuelewane kuhusu joto lenyewe. Watu wengi hudhani injini ina joto kali zaidi wakati inafanya kazi, ukizima inaanza kupoa. Sehemu zilizo juu ya injini na zile za pembeni hazifuati hivyo. Injini ikiwa inazunguka, maji yanatembea, feni inavuta hewa, na petroli mpya inapita kwenye nozeli zinazoipulizia injini, ikizipoza. Ukizima, vyote vinasimama kwa mara moja, lakini chuma bado kiko kwenye nyuzi tisini hivi. Joto lile halina pa kwenda isipokuwa juu, chini ya boneti. Ndiyo maana sensa, koili zinazozipa plagi moto, na bomba la nozeli huendelea kupanda joto kwa dakika kumi, kumi na tano, hata ishirini baada ya kuzima, ndipo vinaanza kushuka. Dakika zako kumi na tano za Majengo zinaangukia pale pale kwenye kilele. Jaribu kukumbuka: ukizima na kuwasha ndani ya dakika moja linakubali, na ukikaa saa mbili linakubali pia, siyo? Kama jibu ni ndiyo, tunaenda vizuri.

Dodoma inaongeza chumvi kidogo. Tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, maji yanachemka kwenye nyuzi kama 96 badala ya 100, na petroli nayo inageuka mvuke mapema zaidi kuliko ikiwa Dar. Weka na jua la Oktoba na Novemba, gari limeegeshwa uwanjani Mtumba bila kivuli. Ila usikubali fundi akuambie ni hali ya hewa tu. IST zimejaa mji huu na nyingi zinawaka saa nane mchana bila neno. Jua linafichua kifaa ambacho tayari kimechoka.

Sasa la Kibaigwa. Upande wa mikanda wa injini yako, chini, karibu na puli ya krenki (shafti inayozungushwa na pistoni), kuna sensa ndogo yenye waya mbili. Sisi tunaiita sensa ya krenki. Ndani yake kuna sumaku na waya mwembamba sana uliozungushwa mara nyingi. Mbele yake linapita gurudumu lenye meno 34 na pengo mahali ambapo meno mawili hayapo. Kila jino likipita, sensa inatoa umeme kidogo, na kompyuta inahesabu. Kwa hesabu hiyo inajua injini inazunguka kwa kasi gani na pistoni ziko wapi. Hesabu ikikatika, kompyuta haitoi moto kwenye plagi, haifungui nozeli, na injini ikiwa imesimama inaizima na rilei (swichi ya umeme) ya pampu ya mafuta. Yaani waya mmoja mwembamba ukikatika, vitu vitatu vinakufa kwa pamoja.

Hapo ndipo nadhani fundi wako wa pili alipopotea. Nahisi alifungua swichi, akatega sikio kiti cha nyuma, hakusikia pampu, akasema imekufa. Kwenye Toyota nyingi za miaka hiyo pampu haipigi kelele ukifungua swichi tu. Inasubiri stata izunguke, au kompyuta ione injini inazunguka. Ukimya ule ni wa kawaida. Kuna magari ya kampuni nyingine ambayo pampu hulia sekunde mbili ukifungua swichi, na fundi aliyezoea hayo akija kwenye Toyota anaweza kulaumu pampu nzima.

Kwa nini sensa hiyo ife kwa moto na kufufuka ikipoa? Waya ule wa ndani, baada ya miaka ishirini ya joto na mtikisiko, hupata ufa. Ikiwa baridi, ncha mbili za ufa zinagusana na umeme unapita. Ikipata joto, plastiki na waya vinatanuka, ncha zinaachana. Ndiyo maana ukiipeleka gereji asubuhi, imepoa, fundi akapima na mita, atakuambia sensa nzima. Na hakukosea kusoma mita, amepima saa ambayo haiumwi.

Hili ndilo ninalotaka ulishike kuliko mengine yote niliyoandika hapa: dakika arobaini zile ulizokaa juani ndizo muda pekee ambao gari lako linasema ukweli. Likishawaka, ushahidi umeondoka. Mafundi watatu walilipima likiwa zima, wakabaki kubahatisha. Kwa hiyo usiendeshe kwenda kwa fundi na kumwachia ufunguo. Mwambie mwende wote, lizungushwe mpaka ligome, na vifaa vya kupimia viwe ndani ya gari. Zunguka hapa hapa mjini mchana, Nkuhungu mpaka Nzuguni na kurudi, simama, zima, subiri dakika kumi na tano, jaribu. Usilipeleke barabara kuu.

Likigoma, kitu cha kwanza hakihitaji hata spana. Fundi apige stata, wewe tazama mshale wa RPM, ule wa mzunguko wa injini, kwenye dashibodi. Sensa ikiwa hai, mshale huinuka kidogo wakati stata inazungusha, kama 200 au 300 hivi. Ukilala kabisa kwenye sifuri huku injini inasikika ikizunguka, kompyuta haioni mzunguko. Si uthibitisho wa mwisho, maana mshale wenyewe au waya wake unaweza kuwa na tatizo, lakini ni dalili nzuri na haina gharama.

Cha pili, apime moto kwenye plagi. Injini yako ina koili nne, kila plagi na ya kwake, na kila koili ina soketi ya waya nne. Achomoe kwanza soketi za nozeli ili petroli isimwagike, kisha achomoe koili moja, aivike plagi ya akiba iliyogusishwa vizuri kwenye chuma cha injini, apige stata. Asishike koili kwa mkono. Ukikosekana moto kwenye koili moja tu, koili ile ndiyo mbovu, na gari lingekuwa linamisi badala ya kuzima. Ukikosekana kwenye zote nne, usikubali kuuziwa koili nne! Koili nne hazifi dakika moja. Tafuta kitu zinachochangia: umeme unaoziingia, waya wa ethi (unaorudisha umeme kwenye bodi), au sensa ya krenki.

Cha tatu ndicho ninachokipenda. Chukua kitambaa, kilowanishe kwa maji ya kunywa, na ufunguo ukiwa umetolewa kabisa, fundi akibandike kwenye sensa ya krenki peke yake. Kuifikia kunaweza kumlazimu apite chini, upande wa tairi la mbele la kulia. Asubiri dakika tatu, nne. Asimwagie injini nzima ndoo ya maji, kwanza atapasua kitu, pili hatajua kilichoponywa ni kipi. Kitambaa kimoja, mahali pamoja. Likiwaka wakati sehemu nyingine zote bado za moto, umeshampata.

Na kama anataka kuthibitisha kwa mita, achomoe soketi ya sensa wakati ule ule gari limegoma, apime kati ya pini mbili za sensa yenyewe. Sensa nzima ya aina hii itampa namba, mamia au elfu moja na kitu za ohm. Iliyokatika haitampa namba, mita itaonyesha njia imekatika. Akiwa nayo mkononi imepoa na imerudisha namba, aipulizie drayeri ya saluni huku mita imeunganishwa. Nimeona namba ikipanda taratibu, taratibu, halafu ghafla inapotea. Hakuna mabishano baada ya hapo.

Kuhusu kusoma kwa mashine: gari lako lilitengenezwa kwa soko la ndani la Japani, na vile vidude vya bei rahisi vinavyounganishwa na simu mara nyingi havielewani na magari hayo ya miaka ya 2000 mwanzoni. Fundi akikuambia "kompyuta haisomi, kwa hiyo kontroboksi imekufa", huyo mkimbie. Zipo mashine zinazosoma Toyota za Kijapani, na ipo njia ya zamani ya kuunganisha pini namba 4 na namba 13 kwenye soketi ya chini ya dashibodi, ukafungua swichi ukahesabu taa ya injini inavyokonyeza. Kumi na mbili au kumi na tatu inahusu ishara ya mzunguko, ishirini na mbili inahusu sensa ya joto la maji. Lakini hiyo afanye anayejua, kwa sababu pini namba 16 ya soketi hiyo hiyo ina umeme wa betri moja kwa moja, na kuikosea kunaweza kukutengenezea ugonjwa wa kontroboksi ambao hukuwa nao. Tena, sensa inayokufa na kufufuka wakati mwingine haiachi kumbukumbu yoyote. Kukosekana kwa namba ya kosa hakumaanishi sensa ni nzima.

Ikithibitika ni sensa, usinunue yoyote unayoiona imefungwa kwenye boksi zuri. Kuna sensa mpya zenye jina kubwa juu ya boksi na ndani hamna kitu. Mimi kwa kifaa hiki naona mtumba halisi uliotoka kwenye injini ya Kijapani, ukapimwa kwa mita na drayeri kabla ya kulipa, unashinda mpya usiojulikana ulikotoka. Ukipata mpya halisi, bora zaidi. Na kabla ya kufunga, fundi akague soketi na waya zake: oili inayovuja upande ule hulainisha plastiki ya waya, na waya uliopasuka ngozi utakurudisha pale pale.

Ikiwa sensa itakutwa nzima wakati gari limegoma, washukiwa wanaobaki ni wachache: rilei kuu ya EFI (mfumo wa petroli unaoongozwa na kompyuta), swichi ya ufunguo iliyochoka, na ethi ya injini. Rilei abadilishane na nyingine ya aina ile ile ndani ya boksi la fyuzi, aone.

Sasa lile la Majengo, ambalo umesema umelizoea. Usilizoee, linakula mafuta yako. Kuna njia ya kulithibitisha wewe mwenyewe kesho. Likigoma, kanyaga ekseleta mpaka chini, ishikilie hapo hapo usiipampu, kisha piga stata sekunde tano au sita. Kwenye magari mengi ya EFI kompyuta ikiona hivyo inakata petroli, na hata isipokata, hewa nyingi inaingia na kukausha silinda. Likishika kirahisi zaidi kwa namna hiyo kuliko bila kukanyaga, basi limezidiwa petroli. Likishika, achia mguu haraka. Tazama pia nyuma kama moshi mweusi umetoka, na ingiza kidole kwenye eksozi likiwa limepoa: masizi makavu meusi tii ni ushahidi mwingine.

Petroli ya ziada inaweza kutoka sehemu tatu, na harufu peke yake haitakuambia ni ipi.

Ninayoishuku kwanza ni sensa ya joto la maji. Hii inaiambia kompyuta injini ni baridi au ya moto, na kompyuta inaongeza petroli kwa injini baridi. Sensa ikidanganya kwamba ni baridi wakati ni ya moto, unapata ulicho nacho: asubuhi safi, kwa sababu ni baridi kweli, mchana inamwaga petroli isiyohitajika. Vipimo vyake vinajulikana. Kwenye nyuzi 20 isome kati ya ohm 2,000 na 3,000. Kwenye nyuzi 80 ishuke hadi kati ya 200 na 400. Ikikaa kwenye maelfu wakati injini ina moto, ni ya kutupa. Kuna na mbinu ya haraka: gari likigoma pale Majengo, chomoa soketi ya sensa hiyo, piga stata. Toyota ikikosa kabisa taarifa ya sensa hiyo huchukulia kwamba maji yana nyuzi 80 na kuendelea. Likiwaka safi bila sensa kuliko likiwa nayo, sensa ilikuwa inadanganya. Taa ya injini itawaka, usiogope, rudisha soketi. Angalia tu kwamba ni sensa ya kompyuta unayochomoa. Mafundi wengine huchanganya.

Na hapa nina swali kwako. Je, rejeta yako ina kulanti au maji ya bomba? Maji yetu ya visima yana chumvi, unaiona kwenye birika la chai. Ukiyatia kwenye injini miaka, yanaacha ukoko ule ule juu ya sensa, na sensa iliyovikwa ukoko inachelewa kuhisi joto. Swali la pili: themostati, ile valvu inayozuia maji mpaka injini ipate joto, ipo? Kuna mtindo wa kuing'oa gari likichemsha mara moja tu, "ili maji yapite vizuri". Injini isiyo na themostati, barabarani kwenye upepo, haifiki joto lake, na kompyuta inaendelea kuimwagia petroli ya baridi kwa haki kabisa. Sensa haina kosa hapo. Ukifungua kuangalia, fungua injini ikiwa imelala usiku mzima. Mfuniko wa rejeta ya moto haufunguliwi kwa sababu yoyote ile.

Mshukiwa wa pili ni nozeli zinazodondosha. Ukizima gari, petroli iliyo kwenye bomba la nozeli inatakiwa ibaki na shinikizo. Nozeli iliyochoka inaiachia tone tone ndani ya silinda wakati wewe unachagua nyanya. Kwa injini yako shinikizo linatakiwa liwe kati ya kPa 304 na 343, ambayo kwa geji za psi ni 44 hadi 50, na dakika tano baada ya kuzima lisiwe chini ya kPa 147, yaani psi 21. Likianguka haraka, petroli imetoroka mahali. Kama inaingia kwenye silinda, utapata harufu na mtetemeko. Ukichomoa plagi baada ya dakika kumi na tano, iliyolowa ndiyo itakuonyesha nozeli yenye kosa. Kama inarudi tanki, hakutakuwa na harufu, gari litazunguka muda mrefu kavu kisha litawaka, kwa sababu bomba limejaa mvuke na pampu inausukuma kwanza. Nasema hivi kwa kuwa pampu yako imebadilishwa. Valvu ya kuzuia petroli isirudi iko humo humo kwenye pampu, na pampu mpya ya bei ya kutupa inaweza kuwa na valvu mbovu tangu siku ya kwanza. Kama mwenye duka bado anaipokea na ile yako ya zamani hujaitupa, geji ndiyo ikuamulie, usiamue kwa hasira. Kusafisha nozeli kwa mashine kunasaidia zilizoziba. Iliyolika haitibiki kwa kusafishwa.

Mshukiwa wa tatu watu humsahau, na kwako anaweza kuwa ndiye, kwa sababu umetaja sheli. Mvuke wa petroli wa kwenye tanki hauachwi uende hewani, unakusanywa kwenye kopo la mkaa, na valvu ndogo ya umeme inauruhusu uingie injini kidogo kidogo gari likitembea. Unapojaza tanki, mvuke mwingi unasukumwa kwenye kopo lile. Valvu ikikwama wazi, unapowasha injini inavuta mvuke wote kwa mkupuo, juu ya petroli ya nozeli. Kwa hiyo wiki hii andika mahali: je, likitoka sheli limejazwa linasumbua zaidi kuliko likitoka Majengo? Kama ndiyo, fundi achomoe valvu ile apulize. Bila umeme haitakiwi kupitisha pumzi hata kidogo. Ni kazi ndogo sana na sijui kwa nini haifanywi kwanza.

Kwa wasomaji wengine ambao stata yenyewe ndiyo inakuwa nzito gari likipata moto, hayo ni mambo ya betri, vichwa vyake, waya wa ethi na stata kuchoka ndani, siyo haya. Pima volti kwenye betri wakati stata inazunguka. Ikishuka chini ya tisa na nusu hivi, anzia kwenye betri. Ikiwa betri inabaki na nguvu na stata bado inasuasua, umeme unapotelea njiani au stata imekufa. Wenye dizeli za zamani: pampu ya nozeli iliyolika ndani huvujisha dizeli ikiwa nyepesi kwa joto, na kitambaa chenye maji juu ya pampu kitakupa jibu lile lile. Wenye kabureta, petroli inachemkia ndani ya kabureta. Hakikisheni bomba la petroli halilali juu ya eksozi.

Dada, jambo moja dogo la kuanza leo: usitembee taa ya mafuta ikiwa inawaka. Pampu inapozwa na petroli inayoizunguka ndani ya tanki. Ukiwa na robo tanki mchana wa Dodoma, pampu hiyo mpya itadumu.

Utaratibu ningeufuata hivi. Kwanza ligomeshwe makusudi, sensa ya krenki ipimwe ikiwa ya moto, ibadilishwe ikistahili. Litumie siku kadhaa mjini. Lisipozima tena lakini Majengo bado linasumbua, usimrudie fundi ukasema sensa haikusaidia, kwa sababu ile haikuwa kazi yake. Ndipo ahamie kwenye sensa ya joto la maji, valvu ya mvuke, na mwisho geji ya petroli. Kontroboksi ijadiliwe iwapo umeme unaingia, ethi ipo, ishara za sensa zote zinafika kwenye soketi yake, na bado haitoi moto. Mwambie fundi wa tatu akuonyeshe hivyo kwa mita. Akikataa, unalo jibu lake.

Kuhusu harusi: hapana, usiende nalo. Si kwa sababu utakwama, kukwama mtu anavumilia. Injini ikizima kwenye mwendo, breki zinabaki na nguvu ya mikanyago michache tu kisha zinakuwa ngumu, na usukani unaweza kuwa mzito ghafla. Barabara ile kutoka Kibaigwa kupita Pandambili mpaka Gairo imejaa malori ya mizigo yanayoelekea Rwanda, Burundi na Kongo, hayasimami papo kwa papo kwa ajili ya IST iliyozima katikati ya lami. Hata sensa ikibadilishwa Jumatano, siku mbili hazitoshi kuniridhisha kwamba tumemaliza. Treni ya SGR inatoka hapa Dodoma na inasimama Morogoro, kata tiketi mapema kwa sababu Ijumaa hujaa. Gari liache kwa fundi, na ukipata matokeo ya kitambaa na mshale wa RPM niandikie, tuone kama la Majengo bado lipo.